Kuacha Ampu Nzito na Kuhamia Modela: Mwongozo kwa Mpiga Gitaa Anayeumwa Mgongo

Modela ni kifaa cha dijitali kinachoiga sauti ya ampu na spika za gitaa, na hapa kinachukua nafasi ya ampu nzito. Ampu ya vali (mirija ya kioo inayokuza sauti) aina ya Fender Twin Reverb ina uzito wa kilo 29 hivi. Vox AC30 yenye spika mbili inapita kilo 30, na boksi la Marshall la spika nne za inchi 12 lina kama kilo 36 kabla hujaweka kichwa cha ampu juu yake. Sasa linganisha na kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini. Kikokotoo chake cha kunyanyua mizigo kinaanzia kilo 23, tena kwa mikono miwili na katika hali bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hujainama, hujajipinda, na mshiko ni mzuri. Mikono ikisogea mbele hadi sentimita 50 kutoka kwenye vifundo vya miguu, kikomo kinashuka hadi kilo 11.5. Ukiwa unaanzia sakafuni pia, kinabaki karibu kilo 9.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kutoa ampu kwenye buti la gari kunaumiza kuliko kuibeba ukumbini. Ukingo wa buti unakulazimisha kunyoosha mikono na kuinama, halafu unageuza kiwiliwili mzigo ukiwa mkononi. Mara nyingi unafanya hivyo baada ya kukaa garini kwa muda mrefu, au usiku sana mwili ukiwa umechoka.

Jambo moja lisisubiri ununuzi wowote. Ukipata ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya kawaida ya kiuno yanataka mwili uendelee kutembea na kufanya mazoezi; kulala kitandani kwa siku nyingi hakusaidii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda ya kubana kiuno kama tiba ya kawaida. Basi usitegemee mkanda ukuruhusu kuendelea kubeba kilo 30.

Amua kwanza utajisikiaje jukwaani

Wengi huanza kwa kununua modela, kisha wanatafuta namna ya kuisikia. Mpangilio huo ndio unaorudisha uzito kwa mlango wa nyuma: mtu ananunua kifaa cha kilo 2, halafu anakiongezea spika ya kilo 17 yenye amplifaya ndani na ubao wa pedali (vifaa vya mguu vya kubadilisha sauti) wa kilo 14. Anza na spika, au na kutokuwa na spika kabisa. Njia ziko nne, na kila moja ina bei yake kwa sikio na kwa mgongo.

Njia nyepesi kuliko zote ni kwenda moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti za bendi) na kujisikia kupitia monita za masikioni, yaani vipaza sauti vidogo vya mwanamuziki mwenyewe. Hapo unabeba modela, kebo na kipokezi kidogo tu. Gharama yake ni kwamba gitaa halisukumi hewa nyuma ya miguu yako, na mwitikio wa nyuzi unaotokana na spika kuzitikisa hupungua sana. Omba fundi wa sauti akuwekee maikrofoni ya kunasa hali ya ukumbi, ichanganywe kidogo kwenye sauti yako; bila hiyo unajiona umefungiwa chumbani. Vaa monita kwenye masikio yote mawili. Anayetoa moja ili asikie watu huishia kupandisha sauti kwenye lililobaki. NIOSH inaruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: kwenye 94 una saa 1, kwenye 100 una dakika 15. Hakikisha mfumo una kizuizi cha kilele cha sauti na kimewashwa.

Njia ya pili ni kutumia monita ya sakafuni ya ukumbi. Hubebi spika, lakini unategemea usichokijua. Inafaa ukumbi wenye fundi makini na mikisa yenye njia ya monita kwa kila mwanamuziki. Mahali ambapo bendi nzima inagawana monita moja, mpiga ngoma hatakusikia na wewe hutajisikia.

Ya tatu ni spika yako yenye amplifaya ndani, ile inayotoa masafa yote kwa usawa, ambayo wapiga gitaa huiita FRFR. Za inchi 8 hadi 12 huwa kati ya kilo 8 na 18, kwa hiyo usinunue kabla hujaipima kwenye mizani. Kwa bendi yenye mpiga ngoma wa nguvu ya kawaida, inchi 10 hutosha kama sauti ya watazamaji inatoka kwenye spika za ukumbi. Usiilaze sakafuni ikielekea magoti. Sakafu huongeza besi na trebo hupita chini ya masikio yako, kisha unarekebisha kosa ambalo liko kwenye mkao wa spika na haliko kwenye sauti yako. Iinue au iegemeze ielekee uso.

Ya nne ni kubaki na boksi la spika ya gitaa na kuliendesha kwa amplifaya ndogo ya daraja D, aina iliyo nyepesi. Amplifaya hizo zina kilo 1 au 2 na hutoa wati 170 au zaidi. Boksi jepesi la spika moja ya inchi 12 yenye sumaku ya neodimi linaweza kuwa na kilo 10 hivi, kwa sababu spika hiyo ina kama nusu ya uzito wa spika ya sumaku ya ferraiti. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia inayomfaa zaidi mtu aliyezoea ampu kwa miaka mingi, maana anabaki na hisia ya spika ya gitaa nyuma yake. Angalia ohm (ukinzani wa umeme wa spika) tu: amplifaya iliyoandikwa kikomo cha chini ohm 4 inakubali boksi moja la ohm 8, au mawili ya ohm 8 sambamba, si zaidi.

Kuna pia njia ya katikati kwa asiyetaka kuchezea menyu. Fender walitoa ampu za Tone Master mwaka 2019, zenye umbo na vidhibiti vya ampu ya kawaida lakini ndani ni dijitali. Twin Reverb ya aina hiyo ina kilo 15, na Deluxe Reverb ina zaidi kidogo ya kilo 10 badala ya 19 za ile ya vali. Kama unatumia sauti moja safi na pedali zako, unaweza kuishia hapo.

Kuchagua modela yenyewe

Hapa tutapita haraka, kwa kuwa modela nzuri za sasa zinatofautiana kwa urahisi wa matumizi kuliko kwa ubora wa sauti. Line 6 HX Stomp ina kilo 1 na kidogo, Quad Cortex ya Neural DSP karibu kilo 2, na Helix ya sakafuni kilo 6.6. Hesabu unahitaji swichi ngapi za mguu katika wimbo mmoja. Jibu likiwa tatu, usibebe kifaa cha swichi kumi na mbili. Soma mahitaji ya umeme pia. HX Stomp inataka volti 9 na ampea 3, wakati matundu mengi ya usambazaji umeme wa pedali hutoa miliampea 100 hadi 500. Modela isiyopata ampea za kutosha haitoi sauti mbaya tu. Inajizima katikati ya wimbo na inachukua sekunde kadhaa, wakati mwingine karibu dakika nzima, kuwaka tena. Tumia adapta yake halisi na ununue ya pili ya akiba.

Tengeneza sauti kwa nguvu ya jukwaani

Sauti iliyotengenezwa chumbani kwa spika ndogo usiku huharibika jukwaani, na sababu inajulikana tangu Fletcher na Munson walipoipima mwaka 1933: sauti ikiwa ya chini, sikio husikia besi kwa udhaifu kuliko masafa ya kati. Chumbani unaongeza besi na trebo ili sauti ijae. Ukipandisha hadi nguvu ya jukwaani, besi inavuma, trebo inachoma, na masafa ya kati, ambayo ndiyo makazi ya gitaa, yamepotea. Tafuta mahali pa kupiga kwa nguvu kamili, kwa spika ile ile utakayoitumia, na ufanye maamuzi yote hapo. Kwa monita za masikioni, fanya kwa monita hizo hizo.

Anza na bloku (sehemu za modela, kila moja ikiiga kifaa kimoja) mbili tu: ampu, kisha boksi la spika. Boksi hilo kwa kawaida ni faili la IR, yaani alama ya sauti iliyochukuliwa kwa spika halisi na maikrofoni halisi mbele yake. Hiyo ndiyo inayobadilisha sauti kuliko kitu chochote kingine ndani ya modela, kuliko hata aina ya ampu. Chagua IR tatu, zisikilize ukiwa unapiga na bendi au na wimbo uliorekodiwa bila gitaa, bakiza moja, na uitumie kwenye sauti zako zote. Mwenye IR mia mbili hachagui; anazunguka.

Baada ya boksi weka chujio la kukata besi iliyo chini ya Hz 80 hadi 100 na chujio la kukata trebo iliyo juu ya kHz 6. Spika ya gitaa ya inchi 12 hushuka haraka ikipita kHz 5 hivi, lakini IR ya maikrofoni iliyowekwa karibu, ikipita kwenye spika ya FRFR yenye twita (spika ndogo ya sauti za juu), hukuletea yaliyo juu ya hapo, na ndiyo mlio wa nyuki ambao wengi huulaumu udijitali. Ikiwa bado inachoma, shusha chujio hadi kHz 5 kabla ya kugusa trebo ya ampu.

Sasa geini, yaani kiasi cha kukuza kinachoikwaruza sauti. Weka kiasi unachokipenda, kisha punguza robo. Ampu halisi ikipigwa kwa nguvu hubana sauti na kuongeza uzito wenyewe kwa hewa inayosukumwa. Ndani ya modela watu hujaribu kuupata uzito huo kwa geini, na matokeo yake ni gitaa linalozama nyuma ya ngoma na matoazi. Riverbu nayo ipunguzwe, kwa sababu ukumbi una mwangwi wake.

Panga sauti zako kama snapshoti (hali zilizohifadhiwa za bloku zile zile) ndani ya preseti moja, yaani mpangilio mmoja kamili uliohifadhiwa, badala ya preseti tofauti. Modela nyingi hukata sauti kwa muda mfupi unapobadilisha preseti, na mwangwi wa dilei hukatika. Snapshoti huwasha na kuzima bloku zilizokwisha pakiwa, hivyo hakuna pengo. Kwa solo, ongeza desibeli 3 au 4 kwa bloku ya volyumu iliyo baada ya ampu. Ukiiweka kabla ya ampu yenye geini unapata ukwaruzaji zaidi bila nguvu zaidi, na fundi wa sauti atakuuliza solo iko wapi.

Kusawazisha sauti safi na ya geini usitegemee taa za kipimo peke yake. Sauti safi ina vilele virefu vinavyowasha taa nyekundu huku sikio likiisikia ndogo. Ya geini imebanwa, kipimo kinasema ni sawa lakini inafunika kila kitu. Anza kwa kipimo, malizia mazoezini na bendi nzima, mtu mwingine akisikiliza kutoka mbele.

Kuunganisha

Mpangilio unaozuia migogoro mingi ni huu: toleo la XLR (tundu la pini tatu la kutolea sauti) liende kwenye mikisa kwa kiwango kisichobadilika, na volyumu kuu ya modela idhibiti tundu la jeki linaloenda kwenye spika yako pekee. Mipangilio hiyo iko kwenye menyu ya jumla ya modela nyingi. Ukijiongezea sauti jukwaani, ya watazamaji haibadiliki.

Ukitumia boksi la gitaa jukwaani na mikisa kwa wakati mmoja, gawa njia baada ya bloku ya ampu. Tawi moja liende bila IR hadi kwenye jeki, amplifaya ya daraja D na boksi. Tawi la pili lipite kwenye IR na vichujio hadi XLR. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuacha IR imewashwa kuelekea boksi halisi: spika mbili zinapangana, sauti inakuwa butu na ya mbali. Kosa kinyume chake, kupeleka sauti isiyo na IR kwenye mikisa, hutoa mkwaruzo mkali usiovumilika. Ukisikia mojawapo, angalia IR kabla ya kitu kingine.

Toleo la XLR likienda kwenye tundu la maikrofoni la mikisa, weka kiwango cha maikrofoni. Likienda kwenye tundu la laini, weka laini. Likiwa laini kwenye tundu la maikrofoni, mikisa inaweza kupasua sauti hata geini yake ikiwa sifuri. Muombe fundi azime volti 48 (umeme ambao mikisa huupeleka kwa maikrofoni kupitia kebo) kwenye njia yako. Kama hazizimiki kwa njia moja moja, weka kati yenu boksi la DI (kifaa kidogo cha kuunganisha gitaa na mikisa) lenye transfoma. Ukisikia mvumo, tumia swichi ya kukata ethi kwenye modela au kwenye DI. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ya umeme. Pini hiyo inalinda uhai wako unaposhika nyuzi za gitaa huku midomo ikigusa maikrofoni.

Isipokuwa una hakika na ukumbi, peleka mono (njia moja ya sauti). Efekti za stereo za dilei na korasi zinazopanuka vizuri masikioni hufutana kwa sehemu pande mbili zikiunganishwa, na sauti inakuwa nyembamba ghafla. Badilisha modela nzima iwe mono nyumbani, sikiliza, urekebishe.

Ucheleweshaji nao una kipimo chake. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo milisekunde 3 za modela ni sawa na kusimama mita 1 kutoka kwenye ampu. Tatizo ni mkusanyiko: gitaa lisilo na waya, modela, mikisa ya dijitali na monita za masikioni zisizo na waya, kila kimoja kina zake. Zikikaribia 10 vidole vinaanza kuhisi, na hatua ya kwanza ni kurudisha kebo kati ya gitaa na modela.

Kama ampu yako ya vali bado inatumika wakati wa mpito, ingiza modela kwenye tundu la kurudishia efekti na uzime IR. Usiingize tundu la spika la ampu kwenye modela, na usiwashe ampu ya vali bila spika au mzigo wa kubadilisha nafasi yake. Transfoma ya toleo inaweza kuungua.

Uzito usirudi

Pima kila kitu kwenye mizani ya bafuni: simama bila mzigo, simama na mzigo, toa. Weka sheria kwamba hakuna kipande kimoja kinachopita kilo 10, kwa sababu hicho ndicho kiasi kinachobaki karibu na kikomo cha NIOSH katika hali mbaya ya buti na sakafu. Kinachopita kigawe, au kipate magurudumu. Ubao wa pedali ndio msaliti mkubwa: modela ya kilo 2 juu ya ubao wa chuma, wah, pedali ya volyumu, kipokezi na sanduku gumu hufika kilo 15 bila mtu kugundua. Wah na volyumu zinaweza kuwa pedali moja ya kudhibiti, nyingine zikawa ndani ya modela.

Modela iende kwenye mkoba wa mabega mawili. Mkoba wa bega moja hukupindisha upande, na ukichanganya na gitaa upande wa pili unapanda ngazi umejikunja. Kwenye gari, vitu vizito viwe karibu na ukingo wa buti. Vivute hadi vikuguse tumbo ndipo unyanyue, na ugeuke kwa miguu. Ukifika baada ya safari ndefu, tembea dakika tano kabla ya kupakua. Gitaa pia lihesabiwe: Les Paul nyingi zina kilo 4 au zaidi, na hizo zinaning'inia begani kwa seti nzima. Mkanda mpana wa sentimita 8 au zaidi unagawa uzito, lakini kwa mgongo unaouma sana gitaa la kilo 3 ni msaada mkubwa kuliko mkanda wowote.

Wiki za mwanzo na mpango wa dharura

Usiuze ampu mara moja. Fanya mazoezi mawili au matatu ya bendi kwa modela peke yake, kisha shoo ndogo, ampu ikiwa nyumbani. Ikiwa garini utaitumia, na siku hiyo hutajifunza lolote. Marekebisho ya ukumbi yafanye kwenye ikwalaiza ya jumla, usifungue preseti moja moja dakika kumi kabla ya kupanda. Baada ya shoo irudishe ikwalaiza hiyo kwenye sifuri.

Programu endeshi ya modela isisasishwe ndani ya wiki ya shoo. Masasisho yanaweza kubadilisha sauti ya bloku au kukulazimu kupakia upya preseti. Kabla ya kusasisha, toa nakala rudufu kwenye kompyuta, na nyingine kwenye simu au diski ndogo ya USB.

Mfukoni mwa mkoba weka adapta ya pili, kebo mbili za jeki, kebo ya XLR ya mita 6, na pedali ndogo ya ampu yenye IR ndani yake ambayo umeiwekea sauti moja inayofaa nyimbo zote. Modela ikizima, chomoa gitaa, chomeka kwenye pedali hiyo, hamisha XLR. Ikiwa pedali haina tundu la XLR, weka na boksi dogo la DI. Jizoeze kubadilisha mazoezini mpaka uweze kufanya hivyo kabla mpiga besi na ngoma hawajamaliza ubeti.